Risasi za Bunduki Moja

Aliyefika gereji kwa Elimringi pale Arlington, Texas, Jumamosi asubuhi alimkuta ameinama juu ya meza, miwani imeshuka puani, anapima risasi moja kwa utulivu wa mama anayesikiliza pumzi za mtoto mwenye homa. Alimkaribisha bila kuinua kichwa. "Karibu. Kaa hapo kwenye ndoo. Meza tu usiiguse." Mtu akiigusa, hakumgombeza. Alianza kupima upya, basi.

Hakuwa mtu wa vita wala wa ubabe. Alikuwa mtu wa Machame, mpole, amekwisha kuvuka hamsini bila kuoa. Riziki yake ilikuwa kutengeneza vitanda na viti vya magurudumu vya hospitali, na Jumapili aliimba besi katika kwaya ya Kiswahili. Kazi ya kuunda risasi alifundishwa na jirani yake, mzee wa Kimarekani aliyestaafu kiwanda cha ndege, ambaye Elimringi alikuwa akimfungia magurudumu ya kiti chake kila yalipolegea. Mzee yule alipoona siku zake zimekaribia, alimwachia bunduki yake kuukuu, presi ya kushindilia, na makopo ya maganda matupu ya shaba. Akamwachia na wasia mmoja: pima ukweli, usipime sura.

Maana yake ilikuwa hii. Ganda lililokwisha kupigwa husafishwa, hurudishwa umbo lake, hutiwa fataki mpya makalioni na baruti tumboni, kisha kichwa cha risasi hushindiliwa mdomoni mwake kwa presi. Kila hatua ina hatari yake, lakini ile ya mwisho ndiyo inayowashinda wengi: kichwa kiingie ndani kiasi gani, na kila kimoja kiingie sawa na mwenzake. Wanaojifunza hupima kutoka makalioni hadi kwenye ncha. Mzee alimkataza. Ncha za risasi ni kama penseli za darasa la kwanza, alimwambia, hakuna mbili zilizochongwa sawa. Ukipima ncha, unapima uongo. Akampa kipete cha chuma kinachovaa kichwa cha risasi na kukwama begani, pale hasa ambapo risasi ikisogea itagusana na mistari iliyochongwa ndani ya mtutu. Kipete hicho kilifungwa kwenye taya za venia, ile rula ya chuma yenye kioo cha namba, na hapo namba ilisema kweli.

Elimringi alipima kila moja. Iliyozidi kwa robo ya unywele aliirudisha kwenye presi. Iliyopungua aliing'oa kichwa, akamwaga baruti, akaanza upya. Watu walimcheka kwamba nguruwe pori wa Texas hajali robo ya unywele. Yeye alijibu kwamba nguruwe hajali, ila anayempiga asipojali, mnyama ataondoka na jeraha akafie kichakani siku tatu, na Mungu hakutupa wanyama ili tuwatese.

Jambo moja zaidi lazima lijulikane, kwa kuwa habari yote imesimama juu yake. Bunduki ya yule mzee ilikuwa imepigwa miaka na miaka, hata koo la mtutu wake, pale kichwa cha risasi kinapoanzia safari, likalika na mistari ya ndani ikawa mbali. Kwa hiyo Elimringi aliviacha vichwa vyake vikae nje zaidi ya risasi za dukani, ili viikaribie mistari bila kuigusa. Katika bunduki ile zilikaa vizuri. Katika bunduki mpya yenye koo fupi, saizi ikiwa ile ile kabisa, kichwa kingejibana kwenye mistari hata kabla ya kupigwa, na baruti iliyotosha bunduki moja ingekuwa nyingi mno kwa nyingine.

Katika Marekani nzima Elimringi alikuwa na damu moja tu, mdogo wake Prudensia. Mama yao alipofariki, Prudensia alikuwa anatambaa, na Elimringi ndiye aliyembeba mgongoni kwenda naye kuchota maji, huku wavulana wenzake wakimwita yaya. Alipobahatika kupata viza ya Marekani akamwita, akampa chumba chake, yeye akalala sebuleni mpaka binti alipomaliza masomo ya unesi. Halafu Prudensia akaolewa na Patroba, nesi mwenzake, mtu wa Musoma, mrefu, mcheshi, mwenyekiti wa jumuiya. Wakampata Angel. Kila Jumapili baada ya ibada Elimringi alikula kwao.

Patroba alikuwa mkarimu kwelikweli, lakini hakuzoea kuambiwa hapana. Prudensia, aliyekuwa na kelele tangu utotoni, katika nyumba ile alijifunza kusema nusu ya sentensi na kuimalizia moyoni. Elimringi aliliona hilo. Naye akajifunza kuwa shemeji mwepesi, acheke akitaniwa, atoe akiombwa. Hakuogopa kufa wala kufukuzwa kazi. Aliogopa siku ambayo mlango wa dada yake ungefungwa.

Angel alipata kipaimara Pentekoste ya mwaka 2018. Mjomba alileta kitimoto, nguruwe mzima aliyempiga mwenyewe katika shamba la mzungu mmoja aliyechoka kuharibiwa mahindi. Nyuma ya nyumba moto ukawashwa, watu wakajaa.

"Shemeji," Patroba akamwita kutoka upande wa pili wa meza, "mnyama huyu ulimpiga wapi?"

"Nyuma ya sikio."

"Kutoka umbali gani?"

"Mbali kidogo."

"Mbali kidogo, anasema. Wachagga hawa, hata umbali wanauficha, wanaogopa utatozwa kodi."

Watu wakacheka, na Elimringi akacheka nao, maana utani wa Patroba ulikuwa na haki zake.

"Sasa sikilizeni," Patroba akaendelea. "Na mimi nimenunua bunduki, saizi moja na ya shemeji. Mpya, inanukia duka. Namwomba mbele yenu sanduku moja la zile risasi zake. Mpwa wake amepata kipaimara leo, sidhani kama atakataa."

"Nitakutengenezea zako," Elimringi akasema. "Niletee tu bunduki niipime koo."

"Koo? Kwani bunduki yangu ina tonsesi?"

Hapo hata mchungaji alicheka. Lydiah, nesi wa Kenya aliyefanya kazi na Prudensia, akapangusa mikono na kusema, "Aki Eli, si umpatie tu. Kwani risasi ni viatu, mpaka mtu ajaribu kwanza?"

"Ni kama viatu kweli," Elimringi akasema, lakini kwa sauti ya chini, na mtu wa spika alikuwa ameongeza muziki. Prudensia alimtazama kaka yake kwa jicho alilolijua tangu zamani, jicho la kusema: usinifanyie hivi hapa.

Patroba hakuileta ile bunduki. Elimringi alimkumbusha mara ya kwanza, akaambiwa wiki ijayo. Akamkumbusha tena, akaambiwa, "Shemeji, kama hutaki kutoa, sema." Kumpelekea bunduki ipimwe ilikuwa kukubali kwamba shemeji anajua asichokijua yeye, na Patroba hakuzaliwa kwa ajili ya hilo. Elimringi akanyamaza. Alidhani jambo lililonyamaziwa limekufa.

Novemba, Jumamosi ya kwanza ya kuwinda kulungu, pikapu ilisimama nje ya gereji yake injini ikiunguruma. Patroba alikuwa kwenye usukani, na pembeni yake mdogo wake Vicent, aliyekuja kutoka Stafford, kule Houston, kwa ajili ya safari ile. Prudensia alishuka peke yake. Alikuwa bado na sare za kazi, ametoka zamu.

"Kaka, nipe zile risasi."

"Zipi?"

"Kaka Eli, usinizungushe. Duka la njiani saizi yake imekwisha. Ameanza kufoka tangu nyumbani. Anasema ukoo wetu una mkono wa birika, na Vicent yumo humo anasikia."

Elimringi alivua miwani. Sanduku lilikuwa kwenye rafu, limejaa, amelimaliza Alhamisi. Akachukua risasi moja akaiweka karibu na ya dukani aliyokuwa nayo ya mfano. "Tazama hapa begani. Hii yangu iko nje zaidi. Bunduki yangu imechakaa, inaitaka hivi. Yake ni mpya, itaikataa. Nipe nusu saa nizishindilie ndani moja moja, na baruti niipunguze. Waambie wanywe chai."

"Nusu saa? Nikamwambie asubiri nusu saa?"

"Basi nikamwambie mimi."

"Usitoke." Alimshika mkono. "Ukitoka mtabishana mbele ya Vicent, mimi nitaishi na ubishi huo mwezi mzima. Wewe unarudi humu kwenye vyuma vyako, kaka. Mimi narudi naye nyumbani."

Alinyoosha mkono mwenyewe, akalichukua sanduku rafuni, akalitia kwenye begi lake la kazi.

Elimringi angeweza kumnyang'anya. Alikuwa na nguvu hizo. Badala yake alisema maneno ambayo baadaye aliyarudia moyoni mpaka yakachakaa: "Basi mwambie hivi, Pruda. Ikigoma kuingia, asilazimishe. Komeo la bunduki likikataa kufunga, aitoe, aache. Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Niambie nilichosema."

"Ikigoma asilazimishe. Mimi si mtoto, kaka."

Akatoka. Elimringi alisimama katikati ya gereji akasikia mlango wa pikapu, halafu kicheko cha Patroba, halafu injini ikienda. Aliwaza kumpigia simu shemeji yake. Akampigia kweli, ikaita, haikupokelewa. Hakupiga tena. Alijiambia ujumbe umekwisha kupelekwa na mtu anayemwamini kuliko wote duniani.

Lakini Prudensia hakuupeleka. Alipoingia garini mumewe alipokea begi, akamwambia, "Umeona? Ilitaka mwanamke tu," na uso wake ukakunjuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kumwambia mtu wa namna hiyo, saa hiyo, kaka yangu amesema usilazimishe, kungekuwa kumwambia hajui kushika bunduki. Akasema atamwambia baadaye kidogo. Wakamshusha nyumbani, wakaondoka.

Huko porini risasi ya kwanza iligoma. Patroba akasukuma komeo, likafika nusu. Vicent alikuwa anatazama. Akalipiga kwa kiganja, likafunga. Hakuwa amevaa miwani ya kujikinga. Aliposhika kifyatulio, moto ambao wote ulitakiwa kwenda mbele, kiasi chake kilirudi nyuma, na vipande vya shaba vikamfika usoni.

Jicho la kulia halikupona.

Simu ya Vicent ilimkuta Elimringi kwenye mazoezi ya kwaya. Vicent hakusalimu. "Umefanya kazi yako, fundi. Njoo uone." Alipofika hospitali, watu wa jumuiya walikuwa wamejaa ukumbini, wakampisha njia kama wanavyompisha mtu mwenye ugonjwa. Prudensia alimvuta hadi kwenye kona ya mashine za soda. Uso wake ulikuwa umevimba.

"Nilisahau," akasema.

Elimringi alimtazama usoni.

"Sikusahau. Sikuthubutu. Kaka, Vicent anasema nililitoa sanduku kwako kwa makusudi, kwamba tumepanga. Ameshapiga simu Musoma kwa mama yake. Wakijua uliniambia, nimekwisha. Watamchukua Angel. Usiseme kitu. Nakuomba kwa jina la mama."

Mama huyo Prudensia hakumjua sura. Elimringi alimjua. Akasema, "Nyamaza. Futa machozi. Nenda kwa mumeo."

Risasi zilizobaki zilirudishwa kwake baada ya wakaguzi wa serikali waliochunguza ajali kumaliza nazo, sanduku likiwa na nafasi moja tu wazi. Alilibeba hadi mezani, akafunga mlango wa gereji, akavaa miwani.

Aliomba kabla ya kupima, na ombi lake lilikuwa la ajabu. Miaka yote alimwomba Mungu zilingane. Siku hiyo aliomba apate moja iliyokosewa. Moja tu iliyozidi, kipete kikwame pasipo mahali pake, aseme mkono wangu ulikosea, mimi ndiye, nihukumiwe kwa haki. Angeweza kuishi na kosa la mkono. Mkono huchoka, jicho hufifia, mtu huzeeka, husamehewa.

Akaweka ya kwanza. Namba ikakaa pale pale alipoiacha Alhamisi ile. Ya pili, pale pale. Alizigeuza, akazipima tena. Akaosha kipete kwa spiriti, akafunga taya za venia mpaka kioo kikasoma sifuri, akaanza upya tangu ya kwanza. Zote zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Hakuna iliyopita mwenzake kwa robo ya unywele, na yoyote ambayo Patroba angeichagua siku ile ingemfanyia jambo lile lile. Hata bahati haikuachiwa nafasi. Hakuwahi kufanya kazi nzuri kuliko ile, na alipomaliza alizirudisha moja moja katika sanduku, akakaa kwenye ndoo ya wageni, akalia.

Kikao cha usuluhishi kilifanyika Januari, katika chumba cha shule ya Jumapili. Watu wazima walikalia viti vya watoto, magoti yamepanda hadi kifuani, ukutani picha za safina na wanyama wawili wawili. Mzee Edson, mzee wa kanisa, mtu wa haki na mwenye usingizi, alifungua kwa sala ndefu akiomba Roho wa kweli ashuke. Watu wote wakasema amina, Elimringi naye akasema.

Patroba alikaa mbele, kitambaa cheusi jichoni. Alikuwa amekonda, na katika jicho lililobaki hapakuwa na utani wowote. Kazi ya wodini ilikuwa imemshinda. Nesi anayetafuta mshipa wa mgonjwa huhitaji macho yote mawili.

"Mimi sina hasira," Patroba akasema. "Nataka kujua tu. Shemeji, ulijua risasi zile hazifai kwenye bunduki yangu?"

"Nilijua."

Chumba kikanung'unika.

"Alijua," Vicent akarudia, akawageukia wazee. "Mnasikia? Mtu anapima mpaka unywele, anajua, anatoa."

"Tulia, Vicent," Mzee Edson akasema. "Elimringi, mwanangu, ulimwonya shemeji yako?"

"Sikumwonya Patroba."

"Simu?"

"Nilipiga mara moja. Haikupokelewa."

"Mara moja," Vicent akasema. "Kadi ya salamu kwa mtu unayetaka kumtoa jicho."

"Sasa huyo aliyekuja kulichukua sanduku," Mzee Edson akauliza polepole, "ni mama Angel. Mama Angel, kaka yako alipokupa, alisema lolote kuhusu hatari?"

Prudensia alikuwa ameketi nyuma ya mumewe, mikono magotini. Mashine ya joto ilikuwa inavuma dirishani. Elimringi hakumtazama. Aliutazama ukuta, safina na twiga wake, akangoja. Hata wakati ule alikuwa na tumaini. Hakutaka aseme yote. Alitaka aseme neno moja, alisema kitu, sikuelewa vizuri, na hilo lingemtosha maisha.

"Sikumbuki," Prudensia akasema. Halafu, kwa kuwa chumba kilikuwa kimya mno, akaongeza, "Hapana. Hakusema."

Mzee Edson akamgeukia Elimringi. "Ni kweli?"

Sala ilikuwa bado ina joto masikioni mwake. Alijua Mungu yumo chumbani, ndiyo maana jibu lilichelewa.

"Kweli," akasema. "Nilinyamaza. Nilikuwa na kinyongo naye kwa utani wake."

Hilo la kinyongo hakuulizwa. Alilitoa mwenyewe, ili maneno yapate mguu wa kusimamia na mtu asirudi kumchimba dada yake. Nalo likakubalika mara moja, kwa wepesi uliomshangaza. Watu aliokaa nao miaka, waliokula nyama zake, ambao milango na viti vyao alivitengeneza, walitikisa vichwa kama waliokwisha kulijua zamani. Kumbe Mchagga mpole alikuwa na lake. Lydiah peke yake ndiye aliyeinamisha kichwa akasema chinichini, "Hiyo sidhani," lakini hakuna aliyemuuliza anadhani nini.

Patroba akasema amemsamehe, maana ni Mkristo. Ila asikanyage kwake. Mzee Edson akaona hiyo ni haki, wakafunga kwa sala nyingine.

Kuanzia hapo watu waliacha kumwita Elimringi. Hakuna aliyemtukana. Rafu zilizolegea ziliendelea kulegea, viti vilivyovunjika vikatupwa. Siku moja nje ya kanisa mtoto alimkimbilia amfungie kamba ya kiatu, na mama yake akaja akamshika mkono, akasema, "Njoo, nitakufunga mimi." Alisema kwa adabu kabisa, hata akatabasamu. Mwezi huo Elimringi aliacha kwaya. Alijisingizia kifua.

Prudensia na Patroba walihamia Stafford katikati ya mwaka 2019, karibu na Vicent. Hakuagwa. Alisikia kwa Lydiah, ambaye ndiye aliyempa anwani, akasema, "Enda umwone. Yule ni sister yako. Hii ujinga itaisha." Alikaa nayo wiki nyingi. Oktoba, Jumamosi moja, akavaa shati la kanisani, akaendesha hadi kule.

Mlango ulifunguliwa na Angel, amerefuka, ana waya za meno. "Mom," akaita ndani, bila kusalimu, macho yake yakiwa kwenye viatu vya mgeni. "It's him." Akaondoka.

Prudensia alitoka nje, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukalia. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi mbele.

"Patroba amelala," akasema. "Ana kazi ya simu sasa, ya bima, inamchosha kichwa."

"Nimekuja kukuona wewe."

"Umeniona, kaka."

Wakasimama. Jirani alikuwa anapuliza majani kwa mashine, kelele ikapanda ikashuka.

"Sijamwambia mtu," Elimringi akasema.

"Najua."

"Na sitamwambia."

"Hilo nalo najua. Unafikiri nalala? Siku ile ungesema, wangenipigia kelele, ningelia, labda ningerudishwa kwako na mtoto wangu. Ungenichukia kidogo, tungesawazisha. Ila ulisema vile. Uliongeza na kinyongo, ambacho hukuwa nacho hata siku moja." Alisema bila kulia, kama mtu aliyeyasema peke yake mara nyingi. "Nikikuona mlangoni, naona nilivyo. Siwezi kumpakulia chakula mtu huyo kila Jumapili."

"Basi nirudi kwa Mzee Edson niyaseme?"

"Ukisema sasa atanifukuza. Hasira ya lile jicho ndiyo aliyobaki nayo, na yote ameiegemeza kwako. Ikihamishwa, itaniangukia mimi."

"Nisiposema?"

"Basi nisikuone tena."

Alitaka kumwuliza, kati ya hayo mawili, ni lipi linalomfaa yeye Elimringi, lakini tangu alipokuwa mvulana hakuwahi kumwuliza dada yake swali la namna hiyo. Akauliza jingine. "Angel anajua nini?"

"Anajua mjomba wake alimtoa baba yake jicho."

"Ulimwambia wewe?"

"Alisikia kwa watu." Alishusha macho. "Sikumkatalia."

Gari likaingia uwanjani, kijivu, likasimama nyuma ya gari la Elimringi. Vicent alikuwa kwenye usukani, ameshusha kioo. Elimringi alimwona dada yake akinyooka mgongo. Alimwona akivuta pumzi, na akajua linalokuja kabla halijaja, akampa muda wa kulifikia.

"Nimekwambia mara ngapi usije hapa?" Prudensia akasema, kwa sauti iliyovuka uwanja. "Huna haya? Mtu amelala ndani na jicho moja kwa sababu yako."

"Bado unatufuata, fundi?" Vicent akauliza kutoka garini, karibu kwa upole. Akarudisha gari nyuma kidogo kumpa njia.

Elimringi alivua kofia. Alihakikisha sauti yake inafika barabarani, na dirishani pia, ambako pazia lilikuwa limesogea.

"Mnisamehe," akasema. "Hakuniita mtu. Nimejileta mwenyewe."

Akaingia garini, akapita.